Kaaha na Vikombe vya Bulla Nzima

Kama hukumjua Kaaha wa bulla yetu, kijiji chetu kando ya Mto Tana pale Garissa, umekosa kicheko. Mama mnene, ana shamba la ndizi na watoto wa kiume watupu, na neno "hapana" halijui. Chumvi ikiisha, kwa Kaaha. Maziwa ya chai, kwa Kaaha. Mimi Fartun, jirani yake, niliwahi kuazima viatu vyake vya kwendea harusi, na kumbe harusi yenyewe naye alialikwa. Alikuja peku na akacheza kutushinda sote.

Sasa mwaka wa tisini na sita tukaletewa gari la afya. Zamani walikuwa wakija mafungu mafungu: leo watu wa macho, baadaye wa minyoo, halafu wa kichocho, na kila mara tuache mashamba tukapange foleni. Safari hii wakaamua kutupima yote kwa siku moja. Wakatugeuza kope, sawa. Haja kubwa, tukajikaza. Ilipofika zamu ya mkojo tukakwama, kwa sababu mpimaji alikuwa Shuaib.

Shuaib alikuwa kijana wa maabara, mtoto wa Garissa hapahapa, mshahara wa serikali, meno meupe, hana mke. Kila mama mwenye binti alikuwa amemtia jicho. Saynab ndiye aliyetutangulia: watu wa Shuaib walikuwa wameshakunywa chai kwake kumposa bintiye. Sasa niambie wewe, kwetu mama mkwe hata kula mbele ya mkwe ni haya. Huyo mkwe atashikaje mkojo wake, auchungulie?

"Mimi sitoi," Saynab akasema. "Afadhali nife."

Kaaha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Leteni hivyo vikombe. Mimi sina binti, sina mkwe, na chai nimekunywa birika zima."

Wallahi, akaingia nyuma ya uzio akatujazia vyote. Sisi nje tumeshikana mabega, tunacheka hadi mbavu zinauma. Kisha kila mmoja akaenda kuweka kikombe chenye jina lake mezani, uso mkavu, kama anayepeleka maziwa sokoni.

Shuaib akachovya vijikaratasi vyake vya njano. Cha kwanza kikageuka kijani. Cha pili kijani. Alipofika cha mwisho, jasho linamtoka, akamwita daktari wao aliyetoka Nairobi. Wakanong'ona, halafu Shuaib akatujia, macho chini kwa adabu.

"Mama zangu, vyote vina damu, ile ambayo jicho halioni. Ni kichocho, mnakipata kwenye maji ya mifereji ya mashambani. Watoto wa shule tumeshawapa dawa, na iliyobaki garini haiwatoshi nyinyi wote. Itabidi msubiri mpaka baada ya mvua."

Kicheko kikakatika. Sote tukageuka kumwangalia Kaaha. Yeye alikuwa bado anatabasamu, kisha nikaona tabasamu linamtoka taratibu. Mvua za Garissa tunazijua: barabara ikikatika imekatika, na gari linaweza kupotea miezi. Mgonjwa wa hakika alikuwa mmoja tu, na dawa yake ilikuwa pale pale garini. Lakini kusema ukweli ni kumwambia Shuaib kwamba kina mama wakwe wote wa bulla ni waongo.

Kaaha akanibana mkono. "Nyamaza, Fartun. Nitasubiri. Msimharibie Saynab posa."

Nilitaka kulia. Ila Saynab alikuwa ameshasimama. Akavuta mtandio mpaka puani, akaenda mezani.

"Shuaib, mwanangu," akasema, "mkojo huu wote ni wa mtu mmoja. Ni wa Kaaha. Mpe dawa yake, na mimi nipe kikombe kipya."

Daktari akakaa juu ya sanduku. Shuaib akajaribu kukaza uso, akashindwa, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Basi bulla nzima ikaangua kicheko. Tukapanga foleni upya, kila mtu na chake, Saynab mbele kabisa. Karatasi nyingi zikabaki njano. Ya Saynab ikageuka kijani.

"Afadhali," akamwambia Shuaib. "Sasa mimi na wewe hatuna la kufichana."

Dawa ikawatosha. Kwa kuwa hupimwa kwa uzito, Kaaha akapandishwa kwenye mizani, na mizani ikapiga kelele kuliko sisi. Vidonge vikamjaa kiganja. Akavimeza kimoja kimoja, nasi tukampigia vigelegele kwa kila kidonge.

Gari lilipoondoka akaniegemea, pumzi juu juu.

"Fartun, huu mgongo, huu uchovu wa mwaka mzima, mimi nilidhani ni uzee umekuja. Nilikuwa nimeshauzoea."

Nikamkumbatia, nikacheka na kulia kwa pamoja. Kaaha alikuwa hajafika hata miaka arobaini.