Tundu la Sarafu

Jirani yangu hapa Newala, mkusanyaji wa sarafu za fedha za falme za kale za Ulaya, huzifuta kwa pamba huku akiwataja wafalme wake kwa sauti ya mtu aliye katika sala, astaghafirullahi. Juzi Bibi Stamili alimpa aisafishe sarafu ya marehemu mamaye, ambayo wasichana wa ukoo wao huivaa shingoni watokapo unyagoni. Aliirudisha ikimeremeta, tundu la uzi limezibwa.

“Nimemtibu mfalme, Bibi. Mlimtoboa kichwa!”

“Mjukuu wangu anatoka kesho, baba. Huyo mfalme wako nimfunge wapi?”

Naye, bila haya, akamwonya mwenye mali asimguse mfalme usoni kwa vidole vyenye utomvu wa korosho.