Salamu ya Magoti

Tangu asubuhi nasubiri barua ya kufukuzwa, na nikiwa mkweli, naistahili. Kazi yangu ni kujibu malalamiko ya wateja wa kampuni ya Nairobi kwa kompyuta, na sharti ni kuishi Kenya. Mimi niliwaambia niko Nakuru, kumbe nilimfuata mke wangu Kampala. Mwenzangu alishafukuzwa kwa uongo huohuo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Jana palikuwa kimya kabisa. Kulikuwa na mkutano wa video, nikaona heri nikae nimeupa mlango mgongo, maana kamera ikielekea dirishani ingeonyesha msikiti wa Old Kampala. Nilijiona mjanja! Hodi nazo nilikuwa nimemkataza jirani yangu, Mama Nakato. Nilimwambia awe anaingia tu polepole, Kiganda chake kisisikike kazini. Yeye hana kosa, alinitii.

Bosi alikuwa ananisifu, ghafla akakodolea macho kitu nyuma yangu. Nikageuka. Mama Nakato alikuwa amepiga magoti mlangoni, kama wanawake wa Kiganda wanavyosalimia, sahani ya ndizi mkononi.

“Osiibye otya, ssebo? Mimi naleta matooke.”

Kwa mazoea nikamjibu salamu yake kwa Kiganda, tena kwa sauti: “Bulungi, nnyabo!”

“Kamau,” bosi akauliza taratibu, “huko Nakuru mmeanza lini kusalimiana kwa magoti?”