Fundi Poritosh na Kompyuta Isiyosema

Kwa miaka thelathini na miwili Poritosh Karmakar alisuka mota za feni katika kichochoro kimoja cha Chandni, Kolkata, na kwa muda wote huo hakuna aliyemwuliza ana maoni gani kuhusu kelele. Maoni alikuwa nayo. Akipita chini ya pangaboi la mtu, awe jamaa au hakimu, alisimama, akainua kidevu, akasikiliza, kisha akautaja ugonjwa: beringi, kapasita, au panga moja limepinda. Kwenye harusi ya mpwa wake alimtajia baba wa bwana harusi mapangaboi matatu mabovu ya ukumbini kabla hajamsalimia. Ndoa ilifungwa hata hivyo.

Ukafika wakati watu wakaona feni ikiharibika ni ya kutupa, si ya kusuka, naye akahamia kwenye kompyuta. Safari yenyewe ilikuwa ya hatua sita, maana sehemu za kompyuta ziliuzwa ng'ambo ya kichochoro. Kompyuta ya kwanza aliyoifungua alikuta ndani yake feni nne ndogo, zote zinasema kwa pamoja kama wajumbe wa kamati, na hakuna hata moja inayosukuma hewa ya maana. Alifurahi sana. Umeme wa mashine zile ulikuwa mgeni kwake, lakini ujinga wa feni zile aliujua tangu ujana.

Imani yake ilikuwa fupi. Joto haliogopi kelele. Feni kubwa inayozunguka polepole huondoa joto kuliko ndogo nne zinazokimbia, mradi hewa ipewe njia ya kuingilia chini na ya kutokea juu, na waya zisiachwe zimezagaa katikati kama nguo chafu. Basi akaanza kuunda kompyuta za nyumbani zenye feni moja pana kama sahani ya wali, na bonge la mapezi ya aluminiamu juu ya prosesa, zito kama mkate wa jana. Kila kilichoweza kutetemeka alikikalisha juu ya vipande vya mpira wa baiskeli.

Wateja walikuwa wachache. Dulal, aliyeuza mashine za ubavu wa kioo zenye taa za rangi saba kwenye duka lililomkabili, alimhurumia kwa sauti.

"Kaka, watu wakinunua kitu wanataka kukiona na kukisikia," alimwambia. "Wewe unawauzia sanduku la maiti."

Poritosh alimjibu kwamba taa saba zile zilikuwa zikiongeza joto, na kwamba feni ya pili kutoka kushoto ingekufa kabla ya sikukuu za Durga. Ilikufa mapema zaidi.

Mteja aliyemwelewa alikuwa Mwalimu Sutapa Guha, mstaafu wa historia, anayekaa Bhowanipore. Tangu astaafu alikuwa akisoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya maktaba ya wasioona. Mwaka ule kulikuwa na wasichana tisa waliokuwa wakingoja kitabu cha historia kwa ajili ya mtihani wa Juni. Kilikuwa na sura kumi na nne, na maktaba ilizitaka zote ifikapo tarehe ishirini Mei, la sivyo wasichana wangeingia kwenye mtihani na walichokumbuka kutoka darasani tu. Sura tatu za kwanza zilirudishwa. Kompyuta yake ya zamani ilinguruma, na maktaba ilimwandikia kwa adabu kwamba nyuma ya Mapigano ya Plassey kulisikika mashine ya kusaga nafaka.

Mwalimu alitoa masharti mawili. La kwanza, isisikike. La pili lilitoka kwa mama mkwe wake, Bibi Niharbala, mwenye miaka themanini na mitatu. Chumba chake ndicho kilichokuwa mbali zaidi na barabara, kwa hiyo ndicho kilichotumika kurekodia. Bibi hakupinga kurekodi. Alipinga ile taa ndogo ya kijani iliyokuwa mbele ya kompyuta ya zamani, kwa kuwa ilimtazama alipolala mchana. Kwa hiyo Poritosh aliunda mashine isiyosema wala kuwa na jicho. Alipoiwasha mara ya kwanza pale chumbani, huku pangaboi limezimwa na madirisha yamefungwa, Mwalimu alisubiri, akasubiri, mwisho akauliza kama umeme umekatika. Poritosh aliikumbuka siku hiyo kama wengine wanavyokumbuka kuzaliwa kwa mtoto.

Siku ya tano kompyuta ilizimika yenyewe.

Mwalimu alimpigia simu bila kulaumu, jambo lililomwumiza zaidi. Utaratibu wake ulikuwa huu: anasoma tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano, kabla chumba kilichofungwa hakijawa tanuri, kisha anaiagiza kompyuta isafishe sauti na kuiunganisha, anazima skrini, anaiacha ifanye kazi yake wakati watu wa nyumbani wanakula na kulala. Kazi hiyo ilichukua saa tatu na ushei. Siku hiyo alipoamka saa tisa alikuta mashine imekufa na sura ya sita imekuwa vipande. Akaisoma upya. Kesho yake ikazimika tena.

Poritosh alikwenda. Bibi Niharbala alimpisha kwa heshima zote, akamwekea kigoda na maji. Fundi aliifungua mashine, akafuta ule uji mweupe unaopitisha joto kati ya prosesa na mapezi, akapaka mwingine mwembamba zaidi. Kisha akaifanyisha kazi ngumu asubuhi nzima. Ilitenda kama mtoto aliyeletwa mbele ya mwalimu mkuu: ikatulia, joto likakaa pale pale lilipotakiwa. Akaondoka kabla ya chakula, akijisifu kidogo. Alasiri ile ilizimika.

Alirudi mara ya pili akabadilisha kifaa cha kugawa umeme. Matokeo yakawa yale yale: mbele yake uzima, nyuma yake kifo. Tarehe ilikuwa kumi na moja Mei, na sura zilizokamilika zilikuwa tano. Mwalimu alianza kuongea habari ya kuiwasha ile kompyuta ya zamani na kumwomba mkuu wa maktaba awavumilie. Mumewe Anjan, mtu aliyesoma gazeti kila siku tangu mwanzo hadi matangazo ya vifo na hakusema lolote kulihusu, aliinua macho mara moja akayashusha.

Jioni ile Dulal aliuliza habari za maiti. Poritosh alishusha mlango wa duka. Alikuwa ameanza kufikiri kwamba labda kamati ina kazi yake duniani. Kwamba labda feni nne za kelele zingemudu joto la Mei, na yeye kwa kiburi chake alikuwa amewanyima wasichana tisa kitabu.

Mara ya tatu alifika saa nne akasema wazi kwamba leo hagusi kitu. Atakaa tu, kazi ifanyike kama kawaida, aone. Kukaa hadi saa saba katika nyumba ya Wabengali kuna gharama zake, naye alizikubali: wali, dengu, biringanya za kukaanga, samaki wa haradali, na maembe mabichi yaliyopikwa kwa sukari. Bibi Niharbala alimsimamia hadi kipande cha pili cha samaki kilipokwisha. Fundi mwenye njaa, alisema, ndiye anayesahau skrubu ndani.

Baada ya chakula Mwalimu alijilaza chumba cha mbele. Anjan alijifunika gazeti. Poritosh alirudi kwenye kigoda chake kwenye kona ya chumba cha Bibi, akaegemea ukuta, na kwa kuwa alikuwa mtulivu kama mashine zake, Bibi akamsahau.

Bibi alianza kuvilaza vitu vyake. Alichukua kitambaa cheupe cha kufuma akakifunika kinanda cha mkono, ambacho hakuna aliyekipiga tangu mumewe afariki. Akafunika cherehani. Akafunika redio, akaipigapiga kidogo begani. Kisha akafungua sanduku, akatoa mfarishi mdogo, matabaka manne ya sari kuukuu zilizoshonwa kwa mkono, pembeni wamedariziwa samaki wawili na ua la yungiyungi. Bila haraka akaivika kompyuta kuanzia kichwani hadi miguuni, akaibania mfarishi kila upande, kama mtu anavyombania mtoto chandarua. Akapanda kitandani akageukia ukutani.

Poritosh hakujongea. Mambo yote yalimjia kwa pamoja. Hewa iliyotakiwa kutokea juu ilikuwa ikigonga samaki wawili na yungiyungi. Kila alipokuja Bibi aliuweka mfarishi sandukuni, kwa sababu fundi hawezi kuletewa kitu kilichofunikwa. Kila alasiri Bibi aliamka kabla ya mkwewe, akavifunua vitu vyake vyote, kwa kuwa saa ya kuamka ilikuwa imefika. Mwalimu mwenyewe alikuwa amemwona akifunika vitu kwa miaka thelathini, kwa hiyo alishaacha kumwona.

Tatizo lilikuwa namna ya kusema. Tumboni mwake kulikuwa na vipande viwili vya samaki wa yule mama. Alingoja dakika ishirini, akitumaini kwamba mashine itajitetea yenyewe. Kisha akaweka kiganja juu ya mfarishi. Ulikuwa moto kama paji la mtoto mwenye homa, na wakati kiganja kikiwa pale pale alihisi feni yake, ambayo hakuna mtu mwingine angeihisi, ikisimama.

"Mama," alisema taratibu. "Samahani. Nashukuru kwa mfarishi. Ni kazi nzuri sana."

Bibi aligeuka. "Miezi miwili niliushona. Macho yenyewe haya."

"Kompyuta ile ya zamani uliifunika pia?"

"Ile? Nani angeifunika inanguruma vile? Nilingoja mpaka inyamaze. Hii ina adabu. Siku nne niliiangalia: mkwe wangu akimaliza tu, inalala." Akamtazama vizuri. "Kwa nini unaniangalia hivyo, mwanangu?"

"Haikuwa imelala, mama. Ilikuwa kazini."

Bibi Niharbala aliketi kitandani. Alitazama mashine, akamtazama fundi.

"Inafanya kazi bila kusema kitu?"

"Ndivyo nilivyoagizwa."

"Humu ndani hakuna aliyewahi kufanya kazi kimya. Marehemu akibadilisha balbu, mtaa mzima unajua. Mwanangu hasemi, na hafanyi kazi, hilo naelewa. Hiki sasa ni kitu cha namna gani?"

Kisha akaelewa, kwa maana alikuwa mtu wa kuelewa. Aliutoa mfarishi kwa mikono miwili, akahisi joto lake, akaukunja mara nne. Mwalimu alikuwa ameshasimama mlangoni, nywele zimemtoka kwenye fundo.

"Sura ya sita," Bibi alimwambia. "Mimi ndiye niliyeiua. Mara tano."

Mwalimu alifungua mdomo. Poritosh alimwahi akasema kwamba kosa ni lake: alikuwa ameunda kitu ambacho mtu mzima mwenye akili zake hawezi kujua kama kiko hai. Alisema hivyo kwa adabu, na katikati ya kusema aligundua kwamba ni kweli. Mwalimu akapendekeza ile taa ya kijani irudishwe. Bibi akasema yuko radhi kutazamwa, ikiwa ndiyo adhabu yake, lakini alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefungasha mizigo kuhamia kwa binti yake.

Fundi aliomba kikapu cha ushonaji. Katika kichochoro chake, tangu enzi za baba yake, feni iliyotoka kusukwa hufungwa uzi mbele ili mteja auone upepo kabla hajauhisi. Alichagua uzi wa hariri mwekundu, urefu wa shibiri moja, akaufunga juu ya kasha, pale hewa inapotokea. Akawasha. Uzi ulijiinua polepole, ukasimama, ukawa unayumba kidogo kama unyasi ndani ya maji. Mwalimu alisogeza sikio, akabana pumzi, akatikisa kichwa: hakuna kitu.

"Ukicheza, iko kazini," Poritosh alimwambia Bibi. "Ukilala, nayo imelala. Hapo ifunike utakavyo."

"Na nikikuta unacheza mtu anataka kuifunika?"

"Mzuie."

Hilo lilimfaa. Kuanzia siku hiyo Bibi Niharbala hakulala mchana. Alikaa kitandani na upepeo wake wa mkono, macho kwenye uzi, na Anjan alipoingia kutafuta miwani yake alifukuzwa kwa kidole kimoja. Sura zilitoka: ya sita, ya saba, mbili kwa siku pale palipokuwa na mawingu. Maktaba haikurudisha hata moja. Ya kumi na nne ilianza kusafishwa saa tano na robo, tarehe kumi na tisa.

Alasiri ile simu iliita kichochoroni. Dulal, ambaye wiki hiyo alikuwa amefunga nyuzi tatu kwenye mashine zake za rangi saba na kuziita mtindo mpya, alisimama karibu ili asikie. Bibi Niharbala alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, kama Fundi anao uzi mwingine, wa kumfunga mwanawe, ili Jumapili ijulikane kama amelala au yuko macho. La pili, uzi wa kompyuta ulikuwa umelala tangu dakika tano zilizopita, na mkwewe alikuwa ameshakwenda maktaba na kazi yote mkobani. Je, inatosha kuifunika?

"Weka kiganja juu, mama."

Kitanda kililia, nyayo zikavuka sakafu.

"Imepoa," alisema.

"Basi ifunike."

Hakukata simu. Poritosh alisikia mfuniko wa sanduku ukifunguliwa, kisha kitambaa kizito kikikunjuliwa, na nyuma ya hayo, mbali kidogo, pangaboi la chumba likizunguka tena baada ya asubuhi nzima ya kuzimwa. Aliinua kidevu.

"Mama," alisema. "Hilo pangaboi lako. Beringi ya juu."