Nilipokuwa Umeme wa Darasa la Sita

Enzi zile tunasoma sisi, kompyuta ilikuwa na miguu kumi na miwili, na ilinyoosha kidole kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Wenzangu wa kisiwa cha Bwejuu mtacheka kabla sijafika mbali, maana mlikuwemo. Ambao hamkuwemo msinione mwongo.

Mwalimu Bakari alikwenda bara kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi na cheti na picha moja ya kompyuta aliyoikata gazetini. Kompyuta yenyewe hakurudi nayo. Kisiwa chetu hakikuwa na umeme, na hata watu wa Kilindoni, mji wa kisiwa cha jirani, ambao nao ni watu wa kisiwani tu, walituona washamba. Mwalimu akasema hangoji mtu. Akaiunda kompyuta kwa watoto sita.

Zuberi alikuwa kibodi. Alishika kipande cha ubao wa ngalawa kilichoandikwa herufi kwa mkaa, na ukikibonyeza kwa nguvu alilalamika. Fatuma mrefu alikuwa kioo: kila herufi iliyobonyezwa aliiandika ubaoni kwa chaki. Mussa alikuwa kipanya, akisukumwa mgongoni huku na huku, na leo ni nahodha mwenye ndevu lakini watu wazima bado wanamwita Panya. Shaame alikuwa printa, akinakili kwenye daftari, na penseli ikivunjika sote tulimngoja achonge. Mwanahawa alikuwa kumbukumbu kwa sababu alikuwa hasahau kitu, hata nani alikula bungo lake mwaka juzi. Mimi nilikuwa umeme.

Kazi ya umeme ilikuwa kusimama pembeni na kunguruma: nguuuu! Mngurumo wenyewe niliuokota Kilindoni kwenye jenereta, siku niliyopelekwa kung'olewa jino. Nikinyamaza tu, wote waliganda walipo, Mussa na mguu mmoja hewani, na yaliyoandikwa ubaoni yakafutwa. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwalimu. Basi niliringa! Mtu akininyima kiazi chake asubuhi, saa nne nakata umeme. Ndiyo maana kila baada ya mstari darasa zima lilipiga kelele, "Kumbukumbu, shika!" na Mwanahawa akajibu, "Nimeshika!" Hapo hata nikinuna vipi, maneno anayo yeye. Siku moja nilikata umeme mara tisa kwa ajili ya kipande cha pweza, na sijutii.

Nyumbani nilifanya mazoezi. Bibi, ndiye aliyenilea, alikuwa akinifukuza uani: "Wee mtoto, nyamaza, utatuitia majini!"

Miaka ikapita, nikachaguliwa chuo cha ualimu, bara. Bibi alinisindikiza mpaka ufukweni, akaniambia, "Ukifeli usinililie. Urudi tu. Vichanja vya dagaa vipo, havijaenda pahala." Mimi na dagaa tulikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Kuwaanika juani, kuwageuza, kuwafukuzia kunguru, kisha kunuka mpaka Ijumaa ya pili. Nikaapa sirudi.

Chuoni nikawakuta vijana wa mjini, kila mmoja na laptopu yake begani. Nikawaambia hata mimi nimesoma kompyuta, tena tangu darasa la sita.

"Ya aina gani?" wakauliza.

"Kubwa," nikasema. "Inajaza darasa."

Waliniheshimu kwa siku mbili. Siku ya tatu tuliingia kwenye chumba cha kompyuta, watu watano kwa kompyuta moja. Aliyejua ndiye aliyekaa kitini, na tusiojua tulisimama nyuma tukimtazama anavyozidi kujua. Jambo lile lilinikera mno. Mpaka mtihani unafika nilikuwa nimeigusa mara chache tu, wenzangu wakiwa wamekwenda kula.

Mtihani ulikuwa kuandika barua ya kuomba kazi, tukiingia kwa zamu, kila mtu na kompyuta yake ya chuo. Ukifeli unarudia mwaka, na mimi nilijua sitarudia mwaka, nitarudia dagaa. Nikawa nabonyeza kwa kidole kimoja, jasho linanitoka. Woga ukanizidi, na bila kujua nikaanza: nguuuu!

"Nani kaja na feni humu?" akauliza madamu aliyetusimamia. Akazunguka meza kwa meza mpaka akanifikia. "Kumbe wewe! Acha mara moja, au utoke nje!"

Nikaacha. Na wallahi, palepale umeme ukakatika. Chumba kizima kikanigeukia.

"Madamu," akasema kijana mmoja wa Dar, sauti inamtetemeka, "mwambie auwashe."

Uliporudi, madamu alituongezea dakika kumi tu, na vilio vikaanza. Vijana wa mjini walizoea laptopu zenye betri, umeme kukatika hakujawahi kuwagusa, kwa hiyo hawakuwa wamehifadhi hata neno. Mimi kila mstari nilikuwa nimeuhifadhi, moyoni nikisema, "Shika." Sikuwa hodari kuwashinda. Niliujua tu umeme tabia zake, maana nilikuwa ndiye. Nikamalizia barua yangu, nikafaulu.

Nikapiga simu kwa jirani, akampelekea Bibi.

"Shikamoo Bibi. Nimefaulu!"

"Marahaba. Hongera, mwanangu." Kisha akasema, "Basi nitaanika na nani?"

Kumbe yale maneno ya ufukweni hayakuwa kitisho. Nililia pale pale mbele ya watu. Likizo ilipofika nilipanda boti, nikaanika naye dagaa wiki nzima, nikanuka hadi kwenye nywele, na sikumbuki likizo nyingine niliyoifurahia kama ile.

Siku hizi mdogo wangu Rukia yuko chuo, mwaka wa pili. Ana laptopu, ana simu mbili, na bando likiisha anaumwa kichwa. Nikimsimulia kwamba sisi tulihitaji watu sita kuandika neno moja, ananiambia, "Pole dada." Ananionea huruma mtu ambaye hata chai anakunywa peke yake, macho kwenye kioo!

Bwejuu sasa kuna umeme wa jua, na Bibi ana simu yake mwenyewe. Rukia humpigia kwa video kila Ijumaa. Mwanzoni Bibi aliiweka simu sikioni, tukawa tunazungumza na hereni, lakini siku hizi amejua. Huishika karibu na uso, akauliza swali lake lilelile, "Utakuja lini?"

Rukia hajakanyaga kisiwani tangu aingie chuo. Humpungia mkono, akacheka. "Bibi jamani, si unaniona?"

Bibi hujibu kwamba anamwona.