Fundi Aliyezifuata Gololi Zake

Habari ya kifo chake niliipata Kariakoo, dukani nilikokwenda kununua plagi za gari. Muuzaji alikuwa ameshazifunga kwenye karatasi ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Yule fundi wako wa Mchafukoge katutoka bwana. Wamemzika jana alasiri." Nikatoka nje na kuziacha plagi juu ya kaunta. Nilirudi kuzichukua baadaye nikiwa na aibu, maana nilijua kilichonitoa mbio si majonzi peke yake. Kuna jambo nilipaswa kumwambia mtu huyu tangu miaka ile, na kila nilipopita karibu na uani kwake nilijitafutia safari nyingine ya haraka.

Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, mara bandari ikajaa magari yaliyokwishatumika Japani. Ukifungua boneti unakuta mipira myembamba imesokotana kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Kazi yake ilikuwa kupunguza moshi mchafu: mvuto wa injini yenyewe hupita ndani ya mipira hiyo, ukafungua na kufunga vifaa vidogo kwa wakati wake. Maelezo yalibandikwa chini ya boneti, kwa Kijapani. Mafundi wetu hawakuwa na kitabu wala mwalimu, wakajitungia utaratibu: mpira usioujua, ukate, uuzibe. Wakauita "kusafisha injini." Wengi walizibia misumari. Marehemu, mtu nadhifu hadi kwenye kucha, alizibia gololi za baiskeli, akizisukuma ndani mpaka zisionekane. Ni yeye peke yake aliyefanya hivyo, na kazi yake ilipendeza macho.

Gari langu la kwanza nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa huohuo, likiwa limeshasafishwa. Lilikuwa na tabia ya kuzima ukiondoa mguu kwenye mafuta. Nilicheka tu, nikamwambia mke wangu alizoee. Jumamosi moja akaenda nalo Kivukoni, avuke kwenda Kigamboni kwa dada yake, mtoto wetu wa miezi minane akiwa amepakatwa na shangazi yake kiti cha nyuma. Kwenye mteremko wa kuingia kivukoni akaondoa mguu, injini ikazima. Breki za gari namna ile hupata wepesi wake kutokana na mvuto uleule wa injini. Akakanyaga mara ya kwanza, ya pili; mara ya tatu pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Mbele yake palikuwa na watu, na mbele ya watu palikuwa na maji. Aliokolewa na breki ya mkono pamoja na wachukuzi wawili wa samaki waliotupa mawe mbele ya magurudumu. Alirudi nyumbani kwa miguu, mtoto kifuani, akaniwekea funguo mezani.

Jumatatu nililipeleka gari kwa fundi huyu, nikiendesha kwa mwendo wa konokono, mkono haubanduki kwenye breki ya mkono. Nilikuwa nimesikia kwamba ameanza kuijua ile mipira. Muuza spea mmoja wa Upanga, Mhindi mtu mzima, alikuwa na kitabu kilichochanika jalada, na kila Jumapili alimsomea na kumfasiria ukurasa baada ya ukurasa. Nilifika nikifoka yaliyompata mke wangu kivukoni. Uani palikuwa na wateja wanne na muuza kahawa, wote wakanisikia nikisema, "Nikimpata aliyelichezea gari hili nitamvunja mkono."

Fundi akafungua boneti. "Utakuwa na haki yako, kaka," akasema. "Washa, uliache lingurume."

Alichomoa mpira mmoja, akauchomeka wa kwake mrefu kwenye kifaa cha bati chenye umbo la uyoga, ncha akaiweka mdomoni, akavuta pumzi. Mpira ukamganda ulimini. Papo hapo injini ikakohoa, ikazima.

"Umeiua!" nikapiga kelele.

"Imezima kwa sababu hiki kizima," akajibu bila kuniangalia. "Kinarudisha moshi kidogo ndani. Nikikifungua gari likiwa limesimama, lazima injini ikose pumzi. Isingezima ndiyo ningeogopa. Ugonjwa hauko hapa. Washa tena."

Akashika kifaa kingine, akavuta, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akaenda kwenye cha tatu. Kila kilipoonekana kizima hasira yangu ilipanda, nami niliona mikono yake inapungua kasi, kama mtu anayekaribia mlango asiotaka kuufungua. Mwishowe akatega ncha ya mpira sikioni, ncha nyingine akawa anaipitisha taratibu juu ya injini. Muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake. "Mzee, naomba vikombe vinyamaze kidogo," fundi akasema. Uani pote pakanyamaza. Akasogeza ncha nyuma ya kabureta, akaganda.

"Inavuta hewa hapa."

Akaupapasa mpira uliokatwa, akauchomoa. Ulikuwa umepasuka kwa urefu, umetanuliwa na joto na kitu kilichosukumwa ndani. Akaukamua kwa vidole viwili. Gololi ya baiskeli ikadondokea kiganjani mwake.

Hakuna aliyekuwa karibu kuiona isipokuwa yeye na mimi, nami sikujua maana yake. Angeweza kuitia mfukoni. Angeweza kunitajia mafundi kumi wa mtaa wa Gerezani na ningemwamini. Akaugeukia uani mzima, akainua kiganja.

"Gololi natia mimi peke yangu mtaa huu, na nyote mnajua," akasema. Kisha akaninyooshea mkono wa kulia. "Basi mkono wenyewe huu, kaka."

Mteja mmoja akafunga boneti ya gari lake kimyakimya, akaondoka nalo. Fundi alimtazama mpaka alipokata kona. "Niliacha kuziba tangu yule mzee wa Upanga aliponisomea," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nikadhani kuacha kunatosha." Halafu akaelekeza kidole ukutani, kwenye kipande cha gazeti kilichogeuka rangi. "Hata gazetini walitusifu, ona. Tukavimba vichwa."

Nilikisogelea. Ilikuwa safu hii. Nilikuwa nimeandika, bila kufungua boneti ya gari hata moja, kwamba mafundi wa Kariakoo wamewashinda Wajapani akili kwa kung'oa mipira isiyo na kazi. Jina langu lilikatwa pamoja na ukingo wa karatasi, hivyo hakujua ni mimi. Na mimi, niliyekuja kuvunja mkono wa mtu, nikanyamaza. Alikibandua mwenyewe, akafutia mikono.

Gari langu alilirudishia mipira yote siku ileile, kisha akaanza kazi iliyomwondolea wateja. Alikwenda kwenye foleni ya kivuko, akizunguka kati ya magari, akiwaomba wenye nayo wafungue boneti. Wengine walimwita mwizi, wengine kichaa. Mimi mwenyewe nilimwona akifukuzwa na dereva mmoja, akasimama pembeni akingoja dereva apoe, akamrudia. "Bosi, hasira zako sawa. Ila nilichotia humo ni kibaya, niruhusu nikitoe."

Nilifika msibani siku ya pili. Mjane wake aliniambia kwamba hakuwahi kuridhika kuwa amezipata gololi zake zote. Hata alipokuwa mgonjwa, akisikia gari linazima nje alitaka kuinuliwa akalitazame. Nilimpa pole, nikaketi mkekani. Pale pia sikusema kitu.

Tumezoea kumlaumu mgeni aliyetuletea magari bila maelezo, na serikali iliyofungua milango kabla ya kufungua vitabu. Lawama hizo zina ukweli wake. Lakini magari yale hayakuzibwa na mgeni. Yalizibwa na sisi, kwa kuona haya kusema hatujui, na wengine tukashangilia kwa kalamu. Fundi alinifundisha kwamba kuacha kosa ni nusu ya kazi; nusu ya pili ni kulifuata kosa lilikokwenda, hata kama huko utatukanwa.

Sijui ni wangapi walioyapeleka magari yao yakasafishwe baada ya kusoma maneno yangu. Sina foleni ya kivuko ya kuwatafutia. Nina nafasi hii tu, ileile niliyoitumia kuwapotosha. Niliandika hapa kwamba mipira ile haina kazi. Haikuwa kweli, na nimelijua hilo tangu Jumatatu ile uani kwa fundi, siku mbili baada ya mwanangu kurudishwa nyumbani kifuani kwa mama yake. Nilikosea mimi. Fundi, mkono wenyewe huu.