Kamba ya Ndama

Leonida wangu alizaliwa hapa Endabash. Alimaliza darasa la saba, akajua kukamua na kushona, na Jumapili alisoma somo kanisani bila kutetemeka sauti. Mwaka themanini na mbili, akiwa na miaka kumi na tisa, akaanza kuwajibu watu ambao mimi sikuwaona. Siku moja nilimkuta miguu peku ukingoni mwa msitu, kwenye njia ya nyati. Tangu hapo, kila nilipokwenda shamba nilimfunga mguu kwenye nguzo kwa kamba ya ndama.

Sikumwambia mtu. Posa yake ilikuwa imeshaletwa kutoka kijiji cha Buger.

Mwalimu Patrisi wa kisomo cha watu wazima alipotafuta mtu wa kuigiza mwendawazimu anayeponywa katika mchezo wake wa jukwaani, Leonida alijitolea. Nikaona nimepata pa kujificha. Jirani yangu Germana akiuliza makelele ni ya nini, nilimjibu, "Anajifunza sehemu yake."

"Mtoto ana kipaji huyo! Jana kanitisha mpaka nikamwaga maziwa."

Siku ya mchezo uwanja ulijaa. Mwalimu alikuwa amewaambia waigizaji walete vifaa kutoka nyumbani. Leonida akatokea na kamba yetu, fundo langu likiwa bado juu yake. Wenzake wakamfunga.

"Mama, nifungue, wamekuja!"

Hayo hayakuwa maneno ya Mwalimu. Nilikuwa nikiyasikia kila asubuhi. Watu walicheka wakishika mbavu. Akaanza kujigonga kichwa kwenye meza.

Nikakimbilia mbele. "Acheni! Mwanangu anaumwa kweli!"

Wakapiga makofi. "Kumbe na mama yake yumo!"

Nikamshika Germana mkono. "Nisaidie, huu si mchezo."

Alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mama Leonida, miezi miwili unaniambia anajifunza. Leo unataka kunichezea na mimi? Kaa chini tuone mwisho."

Bartolomeo, fundi cherehani, akaingia na koti jeupe la daktari. Akamnywesha Leonida maji, akamfungua, akasema, "Binti, umepona." Leonida akanyamaza, akatabasamu kama zamani.

Kesho yake asubuhi niliposhika kamba, alinitazama kwa huruma. "Mama, daktari amesema nimepona. Hukusikia?"

Nilisikia. Na nilikuwa nimechoka sana kutoamini. Nikaitundika kamba, nikaenda shamba.

Niliporudi mchana nyumba ilikuwa tupu. Nilimkuta kwenye baraza la Bartolomeo, amepiga magoti, miguu inatoka damu, amemshika fundi suruali. "Daktari, wamerudi. Nipe yale maji."

Wateja walikuwa wanacheka. "Mchezo umenoga, bado unaendelea!"

Bartolomeo aliacha kukanyaga cherehani. "Mama Leonida, na haya ni mazoezi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nimeuzoea. Nikamtazama mwanangu miguu.

"Hapana. Hayakuwa mazoezi hata siku moja."

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Bartolomeo alitazama koti jeupe lililoning'inia ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Mama, mimi ni fundi wa nguo tu," akasema. "Maji yale niliyachota kisimani."

Leonida hakumwachia suruali. Alikuwa amefungua kinywa, anasubiri kunyweshwa.