Mdoli wa Kiti cha Tatu

Juzi, kwenye dirisha la duka moja la mtaa wa Parkdale, huku ughaibuni tunakoishi, niliona mdoli mkubwa ameketishwa kitini, nikakumbuka alasiri aliyonipeleka mama kwenye mkahawa wa Kijapani. Mle ndani mlinukia sukari iliyoungua na chai ya kijani. Kila meza ilikuwa na mdoli wa kimo cha mtu, ili mteja asile peke yake. Mama akammegea mdoli wetu keki.

"Kula, mama," alimwambia taratibu. "Umetoka mbali."

Nilicheka. "Mama, huyo ni mdoli tu!"

Alimsimulia habari za baridi na za shule yangu, akinyamaza kila mara kama anayejibiwa. Niliacha kucheka. Niliamini kweli anajibiwa, na kwamba masikio mabovu ni yangu.

Sikujua kuwa asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu kutoka Tanga, kwamba bibi, mama yake mzazi, amefariki, na hakuwa bado amepata namna ya kuniambia.